Mpagazi Namba Mbili

Jumatatu, 4 Agosti
Ngazi nimebeba mimi tena. Kilima chote, kutoka kisimani hadi kwenye tangi la kijiji, na fundi mwenzangu Kibwana nyuma yangu mikono mitupu, anapiga mluzi. Eti Wanyamwezi tumezaliwa kubeba, babu zetu walibeba pembe za ndovu hadi kwao pwani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Utani wa tangu enzi za misafara, kwa hiyo siruhusiwi kukasirika. Nimekasirika.

Kazi yenyewe ndogo. Moduli moja ya redio tangini, nyingine kwenye pampu. Ya juu ikisema maji yamepungua, ya chini inawasha pampu. Lazima zote ziwe na namba ileile ya mtandao. Nimeweka 77, zikasikilizana. Makabidhiano Jumamosi. Baada ya hapo kampuni inabakiza fundi mmoja tu Tabora. Lazima niwe mimi. Yeye ana Dar yake.

Jumanne, 5 Agosti
Asubuhi moduli ya juu haijibu. Nimepanda. Namba imerudi ile iliyotoka nayo kiwandani. Nikaweka 77 upya.

Jana mchana nilikwenda Isikizya, ofisi za wilaya, kugongesha muhuri hati za kazi, Kibwana akabaki peke yake na vifaa. Kaandika kwenye maboksi ya moduli kwa kalamu ya wino mzito: MPAGAZI 1, MPAGAZI 2. Alipoona nimeyasoma alicheka hadi akakaa chini. Mshenzi.

Jumatano, 6 Agosti
Imekufa tena. Namba ya kiwandani tena. Kina mama walikuja na madumu, wakarudi nayo matupu. Mwenyekiti wa kijiji kanivuta pembeni.
"Fundi, watu wameanza kurudi lamboni, kunywa na ng'ombe. Hiyo Jumamosi ipo?"
Nikasema ipo. Kibwana alikuwa amelala chini ya tangi, kofia usoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Mara ya tatu. Basi. Nimemwandikia bosi: Kibwana anahujumu kazi, anabadilisha namba ili nifukuzwe.

Nikampigia Mama, kule Kipalapala. Nilidhani atanisifu.
"Umemshitaki mtani? Kwa bosi?"
"Ananiharibia kazi, Mama."
"Mtani akikuudhi, nawe mtanie. Hashitakiwi."
Akakata simu.

Ijumaa, 8 Agosti
Kibwana kaitwa Dar. Nilisubiri tusi la kuagana. Hakutoa. Kanipa spana na ufunguo wa geti, kapanda basi la alfajiri. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ngazi nimebeba peke yangu. 77.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa moja asubuhi. Haijibu. Namba ya kiwandani.

Na Kibwana yuko Dar.

Nimekaa chini ya tangi na kompyuta, nimesoma amri zangu mwenyewe tangu Jumatatu. Weka namba. Toka. Weka namba. Toka. Hakuna mahali nilipoandika hifadhi. Namba isiyohifadhiwa inaishi muda wa umeme tu. Betri pale juu ni ya zamani, baridi ya alfajiri inaikata, jua linaiamsha, na moduli inaamka imesahau kila kitu. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Langu, siku tano.

77. Hifadhi. Nikachomoa betri, nikachomeka. 77.

Saa nne maji yalitoka. Vigelegele. Bosi kapiga simu kunipongeza, nafasi ni yangu. Akasema Kibwana hakubisha, alikubali kwamba ndiye aliyebadilisha namba, alikuwa ananitania mimi dada yake akazidisha.

Hakugusa kitu. Kwa nini kakubali? Nani kamwomba? Leo namchukia kuliko Jumatatu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimekaa chumbani kwangu Gongoni, nimempigia bosi, nimesema yote. Akasema nafasi ni ya Kibwana, mimi nimsaidie hadi mwisho wa mwezi. Nikasema sawa.

Mwenyekiti anasema leo asubuhi maji yalikuwepo.

Mchana ujumbe wa Kibwana: "Mpagazi, nasikia umetua mzigo. Nani kakuruhusu?"

Maandishi yake kwenye maboksi sijayafuta.

Anarudi Jumatano. Ngazi atabeba yeye.