Bunduki ya Rangi Aliyoitaka Rajabu

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu Rajabu,

“Rangi haiumi mtu, dada. Ni mchezo tu, Wazungu wenyewe wanapigana nayo huku wanacheka.” Hayo ni maneno yako uliyoniambia kwa simu ukiwa posta ya Lushoto, na nimeyatanguliza kabla ya salamu ili kesho usiseme nimekusingizia. Ni uongo. Ningekujibu siku ileile, lakini nilikuwa bado sijaumia.

Shikamoo yako niliipokea, ingawa uliitoa kama mtu anayelipa ushuru wa soko. Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo halipatani na ngazi za hospitali ninakofua mashuka. Natumaini mkeo na watoto hawajambo, na kifua cha Mama kimetulia sasa ukungu wa Julai umepungua. Huku wanasema ni kiangazi. Mimi nimevaa sweta.

Sasa tuzungumze. Uliniambia nyani wanatoka msituni na kumaliza viazi na mahindi ya shamba la juu pale Kwai, na Mama amechoka kukaa kwenye dungu kuwaamia. Nilikuamini. Mimi ni nani hata nisiwaamini nyani wa Kwai, walionikosesha shule nikiwa mtoto? Ukataka nikununulie bunduki ya rangi, ile ya vidonge vinavyopasuka vikipiga na kumwaga rangi: iwe nyeusi, ifanane na ya jeshi, ipige mfululizo, iwe na nguvu kuliko zote dukani, na vidonge vyake viwe vya rangi isiyotoka upesi. Ukaongeza kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa kuingiza nchini, kwa hiyo nisianze hotuba zangu.

Nilikwenda dukani Jumamosi. Mwenye duka ni mzee wa Kiingereza mwenye ndevu, anayezungumza na wateja kama anawafukuza, na mara moja nilimpenda. Nikamweleza habari za nyani. Akaniwekea mezani ile nyeusi uliyoitaka, kisha akaniuliza mahali penyewe pakoje. Nikamwambia ni milimani, kuna baridi, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Akairudisha rafuni.

Sikiliza ujifunze, maana wewe ulitaka kununua kwa macho. Ile bunduki inasukumwa na chupa ya gesi, na gesi ikipigwa na baridi inalegea. Asubuhi, wakati nyani wanapoteremka, bunduki yako ya jeshi itakohoa tu. Chupa ikiisha inajazwa kwa mashine maalumu. Utaipeleka Mombo kwa basi, Mombo watakwambia nenda Tanga, na Tanga watakucheka. Vidonge navyo vina ganda laini kama la kapsuli za dawa. Vikilala kwenye unyevu vinavimba na kukwama ndani ya mtutu, nawe utashinda ukiichokoa kwa kijiti huku nyani wanakula. Kwa kazi ya shamba, alisema, chukua hii ndogo ya pampu, inayopiga kidonge kimoja kimoja. Ni nyepesi, mama mzee anaiweza, tena ina rangi ya njano. Hilo la njano nililiunga mkono mwenyewe. Nani alikudanganya kwamba Mama ashike kitu kinachofanana na bunduki ya jeshi kandokando ya msitu, mgambo wanapopita wakiwinda wapasua mbao? Watamwuliza kwanza, au watampiga kwanza?

Lakini mzee yule hauzii mtu asiyejua anachonunua. Nyuma ya duka kuna uwanja wamewekea wavu. Alinipa kinyago cha uso mzima, akanikataza kuvuka kamba bila kukivaa. Alisema mchezaji mmoja alivua chake ili afute ukungu kwenye kioo, akapoteza jicho. Nikavaa. Nilikuwa na suruali nzito ya jinzi na taitsi ndani yake. Akanipiga paja kwa ile ya njano, iliyo dhaifu kuliko zote, akiwa amesimama mbali kama kutoka jikoni kwetu hadi zizini.

Rajabu, mimi nimezaa watoto watatu na sikulia. Siku ile nilitukana kwa Kishambaa mbele ya watu. Kesho yake paja lilikuwa jeusi kama tunda la plamsi lililoiva likapondeka, na sasa ninapokuandikia bado lina manjano pembeni. Ukisema tena kwamba rangi haiumi mtu, sema umeambiwa na nani, maana mimi nina paja langu la kushuhudia.

Tukarudi ndani nilipe. Ndipo nikamwomba ile rangi isiyotoka upesi. Mzee akaniuliza, “Nyani ukimtambua wiki ijayo, utampeleka wapi?” Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama pale na pochi mkononi nikikumbuka kwamba katika simu nzima, ulipozungumzia maumivu, hukusema nyani. Ulisema mtu.

Nikafunga pochi. Jumapili nikapiga simu kwa yule mwalimu mstaafu, jirani yetu, nikamwomba aniitie Mama. Mama alianza vizuri, habari za kuku, habari za mvua. Nilipomwuliza habari za nyani, akasema hawajaonekana tangu mavuno. Akanieleza kuhusu seng'enge. Kwamba umelizungushia shamba la juu, kwamba majani ya gwatemala yanayoota kwenye kingo za matuta unawauzia watu wawili wenye ng'ombe wa maziwa, mzigo kwa mzigo, na mwanamke yeyote anayekata bila kulipa unamwita mwizi. Kwamba umejitapa dukani kuwa dada yako wa Ulaya anakuletea bunduki ya kuwatia alama, ili siku ya soko kila mtu aone kanga ya nani ina rangi. Mpaka hapo alikuwa anasema Kiswahili. Kisha akahamia Kishambaa, na unajua Mama akihamia Kishambaa mambo yamekwisha kuharibika.

“Mwambie aanze na mimi,” alisema. “Jana nimekata mzigo mzima, nimempelekea wifi yangu.”

Wifi yake ni Shangazi Zaina, Rajabu. Dada wa marehemu baba yetu, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Huyo ndiye nyani wako.

Najua utakavyojibu. Utasema huu ni wakati wa soko huria, shamba ni langu, majani ni yangu. Sawa, tuzungumze soko, maana vitabu vya soko nimevisoma, na wewe umesikia redioni tu. Yale majani hayakuota yenyewe. Waliyapanda hao hao akina mama, mwaka udongo ulipokuwa unateremka na mvua mpaka bondeni, wewe ukiwa unabebwa mgongoni. Yakikatwa yanachipua, mizizi inashika tuta. Anayekata hapeleki bure: msimu wa kupanda ukifika, anarudi na samadi kichwani, anaimwaga shambani mwako bila kuombwa. Ndivyo lile shamba lilivyoshiba miaka yote. Wewe unaona majani yanayotoka, huoni samadi inayoingia. Na kila ukinipigia simu unalia kwamba ruzuku imeondolewa na mbolea ya dukani haishikiki. Unamfukuza kwa bunduki anayekuletea mbolea, halafu unajiita mfanyabiashara. Sijasoma kitabu chochote cha soko kinachofundisha upumbavu huo.

Tena fikiria kitendo chenyewe, kama bado una kichwa cha kufikiria. Mwanamke ameinama kwenye mteremko, mundu mkononi, mzigo mgongoni, uso wazi. Hana kinyago. Hana jinzi. Ana kanga. Kidonge kimoja kikimpata jichoni, amepofuka. Kikimpata pajani akashtuka, anateremka na mundu wake hadi tuta la chini. Utamwambia nini? Kwamba ni mchezo, na Wazungu wanacheka?

Bunduki inayofaa nimeichagua na naijua. Ni ile ya njano. Imebaki dukani na itabaki huko. Nyani wakirudi wakati wa mahindi, panda wewe kwenye dungu upige debe kama tulivyopiga sisi, na Mama apumzike nyumbani.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja ni yako. Ya pili nimeituma kwa mwalimu, aisome kwa sauti uani kwa Mama, kwa hiyo usijisumbue kuificha.

Mfikishie Mama shikamoo yangu. Msalimie mkeo, mwambie kitenge alichonitumia nilikivaa Idi na wenzangu wa kazini wakanionea wivu. Mpe pole mjomba kwa kuumwa, na mwalimu wetu umshukuru kwa simu yake. Shangazi Zaina usimpelekee salamu zangu mpaka umwombe radhi. Sitaki jina langu lifike kwake kupitia mdomo huo.

Na sasa nadai. Wewe Rajabu, na hao wawili wanaonunua majani kwako: toeni seng'enge yote upande wa njia ya msituni kabla vuli haijaanza, mkiwa watatu, kwa mikono yenu. Na ninyi Mama, Shangazi, na akina mama wa Kwai mnaosomewa hapo uani: msisubiri watoe. Kesho chukueni miundu, mpite katikati ya shamba jua likiwa limetoka, mkate majani hadi tuta la mwisho, na akiwauliza mtu, mwambieni mmetumwa na mimi.

Dada yako,
Mwanahamisi