Damu ya Laure na Ariel

Jumanne, 4 Juni 2024

Mdogo wangu Laure kaja labo yangu hapa kliniki saa nne na Ariel wake, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Wanataka karatasi ya damu. Kanisani kwao Pasta Mukendi hatangazi ndoa bila hiyo karatasi – anasema amezika watoto wengi mno wa SS, ugonjwa wa selimundu, hataki tena kubariki vifo. Simlaumu.

Nimewatoboa vidole. Tone moja juu ya kioo, kifuniko, kisha ukingo nauziba na rangi ya kucha ili hewa isiingie. Rangi ni yangu mwenyewe, kliniki hainunui. Halafu ni kungoja. Ikikosa hewa, chembe nyekundu yenye kasoro inajikunja kama mundu. Nzima inabaki mviringo. Dawa ya kuharakisha imeisha tangu Pasaka. Bila dawa, kioo kinalala mpaka kesho.

Laure hakutaka kesho. Pasta anaondoka alfajiri kwenda Kasaji, gauni limeshashonwa. "Yaya Blandine, unipatie tu leo. Weye njo unaandikaka karatasi." Kisha akamgeukia Ariel, akicheka, kusudi nisikie: yaya hajui haraka ya harusi, miaka thelathini na sita hakuna aliyemharakisha. Ariel akatazama viatu vyake.

Nikaangalia baada ya saa moja. Zote mviringo, zimebonyea katikati kama mikate iliyokosa hamira. Nikaandika: damu nzuri, wote wawili. Muhuri. Nilifurahi walipoondoka.

Jumatano, 5 Juni

Nilikuwa naenda kuosha vile vioo. Nikavitazama kwanza – mazoea tu.

Mundu. Cha Laure mundu, cha Ariel mundu. Wao wenyewe hawataugua. Kila mmoja ana nusu mbaya na nusu nzuri, na ile nzuri inamlinda. Lakini mtoto anaweza kurithi nusu mbaya mbili. Mmoja kati ya wanne, kila mimba.

Pasta yuko njiani na karatasi yangu. Simu ninayo. Nikimpigia, mkurugenzi atajua nimetia muhuri bila kungoja, na ameshafukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hili. Hiyo ni sababu moja. Ya pili naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilikumbuka kicheko cha Laure, nikasema moyoni, na aolewe basi.

Vioo nimeviosha.

Jumamosi, 15 Juni

Harusi. Baridi, na vumbi la mgodi wa Musonoi mpaka kwenye keki. Nilimshikia Laure mkia wa gauni. Nilicheza pia. Watu wamesema dada mwenye moyo kama wangu haonekani.

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Laure kajifungua. Mvulana, kilo tatu, Merdi. Hakuna cha kuona sasa – mtoto mchanga bado ana damu ya tumboni, inamkinga miezi michache. Watatu kati ya wanne wanasalimika. Nimempelekea sabuni na nepi.

Jumatatu, 10 Novemba

Amemleta. Kabla hajafungua kitenge nilijua, kwa namna alivyolia. Mikono na miguu imevimba, ngozi inang'aa, macho ya manjano. Chembe zimejikunja na kukwama kwenye mishipa midogo ya vidole, nyuma yake mfupa unakosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Siku hizi dawa ya kuharakisha ipo. Dakika kumi na tano, kioo kimejaa mundu. Daktari akasema SS, sauti ya chini, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama Kabedi, mama yake Ariel, alikuja nao. Akatoa begini karatasi yangu ya mwaka jana, ameivika plastiki. "Hapa banaandika damu ya Ariel iko muzuri. Ya Laure iko muzuri. Sasa hii ya mutoto inatoka wapi, mama?"

Wote wakanitazama. Laure hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa kwa dada yake.

Nikasema: "Labo haidanganye. Muulize mama ya mutoto."

Ilitoka kwa utulivu, kwa sauti yangu ya kazini. Na ni upuuzi! Kama damu ya Laure ingekuwa nzuri kweli, hakuna mwanamume duniani angeweza kumzalisha mtoto wa SS. Lazima ugonjwa utoke pande zote mbili. Mama Kabedi hajui. Laure hajui. Najua mimi.

Ijumaa, 14 Novemba

Wamemfukuza Laure. Begi moja, sufuria mbili, mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Ariel ndiye aliyefungua geti. Laure angeenda wapi? Yuko kwangu.

"Banasema nililala na mwanaume mwengine. Weye unanijua, yaya."

Namjua. Nampa Merdi maji mengi, dawa ya maumivu kila baada ya saa sita, namfunika asipate baridi. Kwangu ananyamaza upesi kuliko kwa mama yake. Jana Laure alinishukuru mpaka akalia. Nilimchukia wakati ule kuliko siku ile aliponicheka, na sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Novemba

Wamekuja baada ya ibada: Pasta, Ariel, Mama Kabedi. Pasta anataka kusikia kwa mtu wa labo mwenyewe, kisha Ariel aamue – amrudishe Laure au mahari irudi. Laure amewapikia bukari ya unga wa mahindi na samaki. Amevaa vizuri. Asubuhi aliniuliza kama wote watatu wanaweza kupimwa Lubumbashi, kwenye mashine kubwa. Nikamwambia mtoto wa umri huu hawampimi. Akaamini.

Nimeingia chumbani, nimesema natafuta rejista. Pazia tu linatutenga.

Pasta anamuuliza Laure kama ana shahidi. Anajibu: "Yaya wangu. Kile atasema, nitakubali."

Ariel anauliza, polepole, hata kikiwa kibaya?

"Hata kikiwa kibaya. Hanaga bongo, huyu, anasemaka kweli tu."

Kijiko kimegonga sahani. Pasta ananiita kwa upole, mama Blandine, tunakungoja. Nimejaribu majibu yote mawili kwa sauti ndogo, la kweli na la uongo. La kweli linaishia neno la pili kila mara. La uongo linatoka lote, halitetemeki hata kidogo.

Wameita tena. Nimewaambia nakuja –