Maua Uliyokuwa Ukiyang'oa

Mke wangu Mama Goreti,

Nakuandikia habari za bustani yako, nisije nikatanguliwa na dada yako Dafroza, ambaye najua hukusimulia kila kitu katika sala zake.

Unakumbuka tulipohamia nyumba hii ya South End, huku ugenini? Theluji ilikuwa bado haijaisha vivulini, nawe tayari umeshika jembe. Ulilima mpaka udongo ukabaki mtupu, ukafagia hata njia ya kwenda kwenye pipa la taka. Jirani alikuuliza kwa ishara kama umepoteza kitu. Kule kambi ya wakimbizi tulilelewa hivyo: kiwanja kilichofagiwa husema nyumba ina mtu, majani mlangoni husema kuna msiba au kuna uvivu, na watu hawakuhangaika kutofautisha.

Ndiyo maana yale maua ya buluu yaliyovuka uzio wa jirani uliyang'oa pamoja na magugu. Nilipokuomba ubakize machache, uliniuliza, "Mwalimu, tutayala na nini?" Nilicheka, nawe ukaendelea. Mistari yako ya maharage na mchicha wa lengalenga ilinyooka kama wanafunzi siku ya ukaguzi.

Mwaka huu sikulima mapema. Mwanzoni ilikuwa majonzi tu, mikono ilikataa. Kisha chipukizi zikatokea, majani yake membamba kama ya karoti, nikayatambua maua yale ya buluu. Niruhusu nieleze, maana ulishanizoea: mbegu zake hudondoka zenyewe, hulala chini ya theluji, na bila baridi ile haziamki. Anayelima mapema huziua bila kujua. Kumbe kila mwaka zilikuwa zikijaribu, nawe unaziwahi.

Niliziacha. Sasa maua yamesimama kila mahali, katikati ya maharage, mpaka njiani.

Jumamosi tuliondoa matanga yako. Goreti alikuwa amenipigia simu kutoka kwake Clintonville, kule Columbus, akiuliza kama nyuma ya nyumba pako tayari, kwa kuwa watu wa kanisa wangekaa huko. Nilimjibu pako tayari. Dafroza alifika kwa basi kutoka Lackawanna, na kabla hajanywa chai aliomba jembe. Alisema watu wakiona vile watadhani nimekusahau mapema. Binti yetu, aliyefika jana yake na ambaye siku hizi hunijibu kwa Kiingereza, safari hii alisema kwa Kiswahili:

"Baba, Mama asingekubali."

Ni kweli, usingekubali. Ningeweza kuwaambia kwamba nimeyaacha kwa ajili ya kukukumbuka. Wangelia, na jembe lingerudi stoo. Nilikwisha kufungua kinywa niseme hivyo.

"Ninayapenda," nikasema. "Ni hilo tu."

Dafroza aliliegemeza jembe ukutani. "Basi shemeji, wewe mwenyewe uwaambie wageni."

Niliwaambia. Nilisimama mbele yao nikaeleza kwamba hapa hapajatelekezwa, bali mwenye nyumba amependa pawe hivi. Wazee waliguna. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama maua yale ni dawa ya kitu. Nikamweleza kwamba si dawa, na akiyala yatamdhuru. Akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Mama Goreti, kinachonisumbua si maneno ya watu. Asubuhi hutoka nje nikayaangalia, nikafurahi, na katika furaha hiyo wewe hupo. Kama ungekuwepo nisingeipata. Ningeyatoa yote leo nikuone tena umeinama pale unayang'oa, lakini hakuna aliyeniambia nichague. Nilichopewa ni hiki, nami nimekipokea, na ninaona haya kwa jinsi nilivyokipokea upesi.

Maharage yako nayapalilia kwa mkono, polepole, nikiyakwepa maua. Siombi ukubali. Siku tutakapoonana, nigombeze kwanza, ndipo unikaribishe.

Mumeo,
Baba Goreti