Mkanda wa Bwana Ghala

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Natumaini mabega yamepunguza kuuma, na kile kidonda cha kukaa sana kimeanza kufunga. Usiache kujiinua kitini kila nusu saa, hata kama mama anakucheka kwamba unafanana na kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi ni mzima, ila barua hii nimeichana mara tatu.

Kazi ya ukarani hapa kituoni naipenda. Wanaokuja ni watu wazima walioumia uti wa mgongo, na kwa wiki mbili wanafundishwa kukimudu kiti cha magurudumu: kuvuka kizingiti, kushuka ukingo wa barabara, kusimama kwa magurudumu ya nyuma tu. Mkufunzi mwenyewe yuko kitini. Huwaambia kwamba anayeogopa kuanguka akanunue kochi. Mimi najaza fomu zao, lakini msaidizi asipokuja naitwa kushika mkanda. Huo hufungwa nyuma ya kiti, na mtu huushikilia ili kiti kisipinduke. Wanawake hapa wanauita Wifi, kwa kuwa hauachi kukufuata nyuma.

Wewe hukupata mafunzo haya. Ulijifunza peke yako, kwa kugonga kuta.

Jumatatu iliyopita aliletwa Bwana Ghala. Ndiyo, yule yule mkuu wako wa ghala, aliyekupandisha ngazi mbovu, kisha akakufuata hospitalini na ripoti inayosema umeanguka kwa uzembe wako mwenyewe. Ulitia sahihi umelala chali, na mimi ndiye niliyekushikia karatasi. Gari lake limepinduka, na sasa miguu yake haisikii. Ofisi itamrudishia cheo chake akipeleka fomu safi kutoka kwetu, ya kuonyesha amefaulu bila kosa.

Nilimkaribisha kwa adabu. Nilimwita mzee, nikamletea maji, huku moyoni nachemka.

Alhamisi, siku ya jaribio la kusimama kwa magurudumu ya nyuma, msaidizi hakuja, nikaitwa kushika mkanda. Bwana Ghala aliinua magurudumu ya mbele, akatulia vizuri, akatangaza kwa sauti kwamba kumbe si kazi ngumu, wanaolalamika ni wavivu tu. Papo hapo akapinduka. Kisogo kiligonga saruji pembeni ya godoro la mazoezi, akashonwa nyuzi nne. Mkufunzi aliponiuliza, nilisema viganja vilitoka jasho, mkanda ukaniteleza. Akaniambia nisijilaumu, hata yeye aliwahi kuangushwa na mkewe, na bado wanalala chumba kimoja.

Kisha nikajaza fomu. Kwenye maelezo niliandika: ameanguka kwa uzembe wake mwenyewe. Maneno yale yale, dada, bila kuongeza hata nukta. Ni lazima mwanafunzi asaini, kwa hiyo nilimpelekea kitandani, nikamshikia karatasi. Aliisoma polepole. Akasema alinitambua tangu siku ya kwanza, kwa hili paji la uso tulilorithi. Akasaini. Wala hakuuliza hali yako.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Viganja vyangu vilikuwa vikavu. Niliuachia mkanda kwa makusudi, kidole kimoja baada ya kingine, na alipogonga chini nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu uumie. Nikigundulika nitafukuzwa, pengine nitafungwa. Lakini sijutii.

Leo saa tatu asubuhi anarudia jaribio. Akifaulu, ataandikiwa fomu mpya na cheo atakipata. Ameomba mkanda niushike mimi, si mwingine, mbele ya darasa zima. Anajua mimi ni mwoga. Anadhani sitathubutu mara ya pili. Mkufunzi, kwa huruma yake, amenipa glavu za mpira ili mkanda usiniteleze tena.

Nimezifungia kwenye droo. Ufunguo wake ni huo uliomo ndani ya bahasha hii, nami naipeleka posta kabla ya saa tatu.

Msalimie mama, umwambie ninakula vizuri. Ukimaliza kusoma, choma.

Ni mimi mdogo wako,
Karani