Tuko Elowen Wawili, na Mimi Ndiye Niliyepewa Kisu

Bi Dorcas mpendwa,

Naomba unisaidie, na kabla hujaendelea kusoma nakusihi usitaje mji wetu, majina yote humu nimeyabadilisha, na kuiposti barua hii nimepanda treni vituo vitatu ili mhuri wa posta usinisaliti, maana huku kwetu Yorkshire mtu akipiga chafya juu ya bonde wa chini anampa pole, na siku hizi simwamini hata mtu mmoja, hata mume wangu Clive ambaye dini yake ni kriketi na bia ya Jumamosi naye namwona kama ananichunguza.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, napika katika shule ya msingi, na kwa miaka mitatu sasa niko katika kundi la watu saba tunaofuata dini ya kale, yaani wachawi, ndivyo majirani wanavyotuita na sisi wenyewe jina hilo tumelizoea, tunasimama duara mwezi ukiwa mpevu na hatumli mtu. Kuhani wetu ni Enid, mwalimu mstaafu wa piano, mpole, keki zake za limau hazina mfano. Kabla ya kuingizwa nilingoja mwaka mmoja na siku moja kama desturi inavyotaka, na mwaka huo wote nilikuwa natafuta jina langu, lile la ndani, ambalo mtu huitwa ndani ya duara tu na nje halitamkwi, na nililipata, Bi Dorcas, nikawa nakoroga kastadi ya watoto huku nalitamka kimoyomoyo, nikaona kweli hili ni langu. Nikampelekea Enid.

"Hilo halikufai, mpenzi," akasema. "Mungu Mama kaniambia wewe ni Elowen. Limeshuka kwa ajili yako peke yako."

Sasa mimi ni nani hata nibishane na Mungu Mama? Nikakubali, na siku ya kuingizwa, Februari ya mwaka juzi, Enid akanipima kwa uzi mwekundu kama ilivyo ada yetu, kutoka utosini hadi kisigino, akazungusha kichwani, akazungusha kifuani, kila kipimo akapiga fundo, kisha akaukunja akauweka kwake, na uzi ule ndio mimi, nimeapa kwa uzi ule, nikiwasaliti wenzangu basi mwili wangu wote uko mikononi mwao. Sikuona ubaya kwa sababu kila mtu alipimwa.

Basi Ijumaa moja mwezi wa Mei nilikuwa kwenye foleni ya duka la samaki na chipsi na nyuma yangu yuko Norman, mwenzetu wa kundini, dereva wa basi mstaafu, mtu mwema lakini ulimi wake hauna breki, akasahau tuko wapi akapaza sauti, "Elowen! Niagizie na njegere!" Nikageuka. Na yule mama mrefu anayekaanga, ambaye sikuwa namjua hata kwa jina, naye akageuka.

"Nani kaita?" akauliza.

Norman akaanza kuvisoma viatu vyake. Yule mama akaniangalia mimi, chupa ya siki iko mkononi na siki inamwagika mpaka chipsi za mtu zinaogelea.

"Na wewe kakupa hilo?"

"Lipi?" nikasema.

"Usijitie hamnazo, dada. Uzi wako anao?"

Huko nyuma mtu akapiga kelele, "Jamani, umbea mtaumalizia nyumbani, wengine tuna njaa!" Nikatoka na chipsi zangu bila hata kuweka chumvi. Nje nikamkamata Norman. "Yule ni nani?" Akasema, "Muulize Enid." Nikamwambia, "Nakuuliza wewe." Akajibu, "Na mimi nakwambia muulize Enid," akaenda zake na samaki wake.

Nikamuuliza Enid, na kilichonitia shaka ni kwamba hakushtuka hata kidogo, alikuwa anapanga vikombe akaendelea kupanga vikombe. "Huyo ni Philippa," akasema. "Alikula kiapo akakitapika. Jina si lake tena, anakuonea kijicho. Akikuita usiitike, na mkikutana vuka barabara." Basi nikawa navuka barabara, Mei yote, Juni yote, mpaka leo, na tangu wakati huo mambo yangu yamekwenda mrama, kila Ijumaa kichwa kinaniuma, paka wangu kahamia kwa jirani, boila ya maji ya moto imekufa mara mbili na fundi haoni kosa, na kwenye duara Enid akiita Elowen nahisi kuna mtu ameitika kabla yangu. Nikaamini kabisa ni Philippa, kwamba jina hajaliacha na ananivutia mikosi kwa jina hilo.

Lakini Jumapili moja mwezi wa Agosti, mchana, tunaandaa chumba, Enid akanituma mishumaa katika kabati la chini ya ngazi, nami nikafungua kopo silo, kopo la biskuti, na ndani mna nyuzi nyekundu zimekunjwa vizuri, kila mmoja una karatasi yenye jina, nikazihesabu zikawa kumi na moja na sisi ni saba. Wangu nikauona, Elowen. Chini yake uko mwingine, Elowen, mwandiko uleule, karatasi imegeuka rangi. Nikazikunjua zote mbili, Bi Dorcas, nikazilinganisha, na ule wa zamani ukauzidi wangu kwa kiganja kizima, na Philippa ni mrefu. Nikazirudisha, nikafunika, nikapeleka mishumaa, vidole vina vumbi la kopo.

"Umekawia, mpenzi," akasema Enid.

"Mle ndani kuna giza," nikasema, na yeye hakuniangalia usoni, aliangalia mikono yangu.

Nadhani alijua, kwa sababu wiki iliyofuata aliniita chai akaniambia mwisho wa Oktoba, kwenye sikukuu yetu ya wafu, nitapandishwa daraja la pili. Nilifurahi, sikufichi, nimeitaka siku hiyo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ila kwanza tulisafishe jina lako. Uzi wa Philippa ninao. Utaukata wewe, kwa kisu chako, mbele ya wote. Ukishaukata jina ni lako peke yako, na yeye hakugusi tena."

"Na yeye atapatwa na nini?"

"Hayo si yako, mpenzi. Kula keki."

Sasa Bi Dorcas, nikate au nisikate? Nikikata naogopa, sijui namkata nini mwenzangu. Nisipokata nitafukuzwa, na sina marafiki wengine zaidi ya hawa sita, na uzi wangu utabaki kwenye kopo lile pamoja na ule wake. Wakati mwingine nafikiri Enid ananijaribu tu, wakati mwingine nafikiri Norman ndiye kanichongea, wakati mwingine naona Philippa ndiye aliyeyapanga yote haya ili anitoe. Nijibu mapema, Oktoba imekaribia.

Mimi mwenye mashaka na kila mtu

*

Mwenye mashaka,

Umemshuku mumeo, umemshuku Norman, umemshuku mama wa watu anayekaanga samaki, umeshuku mpaka boila. Ungeelekeza nusu ya mashaka hayo mahali pake usingehitaji nauli ya treni. Na kwa kujificha hujambo! Umebadilisha majina yote kisha ukanieleza kopo mpaka picha iliyo kwenye mfuniko. Picha nimeifuta. Na jibu hili nimekutumia kwanza kwa anwani uliyonipa. Hapa jaridani litatoka baadaye, sikukuu yenu ikiwa imepita. Hata mimi nina mashaka yangu.

Tuanze na jina. Katika dini yetu wapo wanaojitafutia jina na wapo wanaopewa na kuhani, na sina ugomvi na upande wowote. Ninayegombana naye ni yule anayemwambia mtu limeshuka kwa ajili yake peke yake na huku amelitoa kabatini. Umepewa jina la mitumba, dada yangu. Mitumba si aibu, nusu ya nguo zangu ni mitumba, ila muuzaji asiniapie kwamba limetoka kiwandani leo. Labda Enid ni mvivu tu; nimewajua makuhani ambao kichwani mwao mna majina kumi, yakiisha wanaanza upya. Uvivu ningemsamehe. Lakini uzi, hapana.

Uzi wa kipimo ni amana. Katika makundi ninayoyaheshimu, mtu akiondoka anaondoka nao, na mengi siku hizi humrudishia mwenyewe siku ileile ya kuingizwa, kwa maana ya kumwambia tunakuamini. Kopo lina nyuzi kumi na moja, nanyi mko saba. Watu wanne wameondoka katika nyumba ile na miili yao imebaki chini ya ngazi. Uliihesabu mwenyewe, ukaiandika kwa mkono wako, halafu hukusema lolote juu yao.

Sasa rudia ulichoandika kuhusu Philippa. Amekutenda nini? Alikuuliza maswali mawili: kakupa hilo, na uzi wako anao? Anayekutakia mabaya haulizi maswali ya namna hiyo, anayafurahia kimyakimya. Yule alikuhurumia. Anasimama pale kila siku anakaanga samaki akijua kipimo cha kichwa chake na kifua chake kiko kwa mtu anayemchukia, na ikiwa wewe unauamini uzi, basi jua na yeye anauamini. Kisha akaona unavuka barabara kumkwepa. Kichwa kinakuuma kila Ijumaa? Ijumaa ndiyo siku ya samaki, bibie. Unazunguka mji mzima usipite mbele ya dirisha lake. Paka, muulize jirani anampa chakula gani. Boila, tafuta fundi mwingine.

Usikate.

Tuna mapambo mengi sisi, mishumaa, visu, majoho, lakini sheria tunayo moja, usimdhuru mtu. Ulipouliza yeye atapatwa na nini, hapo ulikuwa mchawi wa kweli na nilikupigia makofi hapa nilipo. Ulipokula keki nikayarudisha makofi yangu. Na jiulize, kwa nini ukate wewe? Enid ana mikono, na mikasi haimshindi. Anataka mkono wako mbele ya watu sita ili kesho usiweze kuondoka, usiweze kusema, kwa sababu ukisema utakuwa unajisema. Hakuna jina linalosafishwa hapo. Na ukija kuondoka hata hivyo, ataletwa mama mwingine, ataambiwa Elowen limeshuka kwa ajili yake peke yake, atapewa chai na kisu, na uzi utakaokuwa mezani utakuwa wako.

Nakuona unavyoogopa kubaki bila marafiki, na sikucheki. Upweke unauma, na katika miji yetu midogo unauma zaidi. Lakini rafiki anayejua yaliyompata Philippa, ukamuuliza akavisoma viatu vyake, huyo ni jirani tu wa kwenye duara. Huenda Norman akabadilika akiona mtu mmoja amethubutu. Huenda asibadilike.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Enid Jumamosi mchana, na uende na Clive. Kriketi itachezwa bila yeye. Mweleze Clive yote mkiwa njiani, hata akicheka. Usikae, usinywe chai, na ile keki usiiguse. Sema, "Nimekuja kuchukua nyuzi za Elowen, zote mbili." Usiseme naomba, na usieleze sababu, ukianza kueleza atakumaliza, hao walimu wa piano wana subira. Akikupa bila maneno, mshukuru, nami nitakuwa nimemdhulumu na nitamwomba radhi katika ukurasa huuhuu. Akikwambia Mungu Mama amekataa, mjibu kwamba Mungu Mama hana kabati chini ya ngazi. Akikataa katakata, aga, toka, usirudi tena, na uende ukamwambie Philippa kwamba uliomba ukanyimwa. Kuhusu uzi wako kubaki kule, usife kwa hofu. Wangu uko kwa kuhani aliyenikasirikia nikiwa na miaka thelathini na moja, alizikwa nao kwa ninavyojua, na mimi leo nina sabini na tatu na bado napanda kilima kwenda kununua maziwa.

Lile jina ulilolitafuta mwaka mzima hukuliandika humu, na umefanya vizuri. Usiniambie mimi, usimwambie kuhani yeyote atakayekuja, na Norman ndiyo kabisa. Litumie. Halikuhitaji ruhusa.

Lakini nyuzi ukizipata, wako fanya utakavyo. Ule mrefu usiuchome, usiukate, usiusomee chochote hata cha heri, si wako. Upeleke dukani asubuhi kabla foleni haijaanza, umpe Philippa mkononi. Mwambie unaitwa nani nyumbani kwenu, mwambie ulivuka barabara kumkwepa tangu Mei na unaona aibu, kisha unyamaze. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, ondoka, na Ijumaa urudi upange foleni kama watu wengine.

Dorcas Threlfall