Mukishi Mbele ya Mama Mukwe

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, mangaribi.

Mama directrice, mwalimu mukuu, hakujua desturi yetu, njo maana sikumukasirikia sana. Ku feti, sikukuu ya makabila, kule ku masomo ya bajukuu bangu, alinikalisha mustari wa kwanza, karibu na ngoma za Batshokwe. Na mukwe wangu, bwana ya binti yangu Béatrice, ni Mutshokwe. Kwetu Baluba, mama mukwe na mukwe habaonani uso. Miaka ine tunakwepana ku soko. Leo nilikosa hata njia ya kukimbia.

Kisha mukishi, kinyago cha Batshokwe, akatokea, na sura yake ya muti, akacheza mpaka vumbi ikafunika benchi. Nikaona muguu wa kushoto unavutwa kidogo. Ule muguu uliumizwa na jiwe ku mashimo ya shaba, kule bwana ya Béatrice anafanya kazi. Mi naujua.

Lakini ndani ya mukishi hakuna mutu, ni muzimu tu. Batshokwe benyewe banasema vile. Basi akapiga magoti mbele yangu, nami nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikamufunga ku shingo, vile tunafanyia mutu anayecheza muzuri. Bamama bakapiga bigelegele.

Ku njia Béatrice aliniuliza: "Mama, umemujua?"

"Nimujue nani? Ule ni mukishi."

Naogopa kidogo bazee ba kwetu batasema nimevunja desturi. Baseme.

Sasa hivi nimepita karibu na lupango, kiwanja cha nyumba ya Béatrice. Kitambaa changu kiko ku kamba, kimefuliwa muzuri. Nikapita kama vile sijaona.