Skrini Nyembamba ya Studio

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Naomba barua hii ikukute umeshaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Huku sote wazima, ila Baba anakohoa kidogo na kusingizia vumbi.

Tangu nimalize shule niko kwenye majaribio katika studio ya picha karibu na stendi. Mwenye studio ni mtu mwema, lakini alinieleza wazi: kazi naiweza, ila nisipozungumza na wateja hatanichukua. Wewe unanijua, Shangazi. Mteja akiingia natamani kujificha nyuma ya pazia.

Tulikuwa na skrini ya kompyuta ya zamani, ile yenye chogo nyuma. Nzito kama gunia la saruji, inakula nusu ya meza, na mchana inatoa joto la jikoni. Jumatano ikaja nyembamba. Maandishi yake yamekolea, na sasa kuna nafasi ya kikombe cha chai. Niliipenda papo hapo.

Alhamisi ilikuja familia ya maharusi kuchagua picha za kuchapisha. Wakaizunguka meza, kama wateja wetu walivyozoea. Bibi wa bi harusi, aliyeketi kwenye kigoda, akasema, "Mbona sura ya mjukuu wangu ina giza hivi? Ongezeni mwanga."

Bwana harusi, aliyesimama nyuma yake, akaguna. "Bibi, wakiongeza tena itaonekana nimeoa mfuko wa unga."

Bibi akamjibu, "Macho yako bado yako harusini, wewe."

Mwenye studio akawa mara anaongeza mwanga, mara anapunguza. Hakuna aliyeridhika.

Mimi nilishaona tatizo. Ile ya zamani ukiitazama kutoka popote, sura ni ileile. Hii ukiwa chini inatia giza, ukiwa juu inapauka. Inataka uketi mbele yake. Nilitamani lile pazia, lakini nikairudisha picha ilivyokuwa mwanzo, nikainuka na kusema, "Bibi, njoo ukae kwenye kiti changu."

Akakaa, akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Kisha akampisha bwana harusi. Naye akasema, "Sasa huyu ndiye mke wangu."

Walipoondoka, mwenye studio alinigeukia. "Kumbe sauti unayo. Kuanzia Jumatatu, wewe ndiye utakayepokea wateja. Majaribio yamekwisha."

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Mjomba na binamu zangu, hasa yule kitinda mimba. Mungu akuzidishie afya na akulinde huko uliko.

Jumatatu ni kesho, Shangazi. Naogopa, na bado naona kunachelewa kucha.

Mwanao akupendaye daima,
Kimya